Mnandi wa Domisiana

Katika mifugo yote iliyokuwapo kambi ya wakimbizi ya Lukole mwaka ule, hakuna aliyekula kama Mnandi, na hakuna aliyekuwa na nyama kidogo kuliko yeye. Aliishi ndani ya kisanduku cha gemu kinachoenea kiganjani kama kipande cha sabuni, nyuma ya kioo kidogo. Bibi Kaneza, ambaye alivuka mpaka na mbuzi wawili na kuwapoteza wote kabla ya mvua za kwanza, alipenda kusema kwamba huyo ndiye mfugo pekee wa nyumba yake ambaye hajawahi kuharibu shamba la mtu.

Kisanduku kilikuwa cha mjukuu wake, Domisiana. Aliachiwa na kijana wa Kizungu aliyekuja kutengeneza pampu za maji. Muda wote wa kazi ile Domisiana alikaa karibu naye akimshikia spana, na siku ya kuondoka yule kijana alimtazama, akatoa kisanduku mfukoni, akamwekea mkononi, kisha akapanda gari upesi kama mtu anayeogopa kujirudi. Jina lake Kaneza hakulishika, lakini alimwombea kila Jumapili. Alisema Mungu anajua ni yupi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kukamata viumbe. Unatembea porini, kiumbe kinatokea, unapigana nacho, kikichoka unakitia kwenye kibuyu na kuanzia hapo ni chako. Kulikuwa na viumbe vya moto, vya mawe, vya majani. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu wa mtaa wao aliyeijua, ila watoto waliyazoea kwa sura, kama mtu anavyozoea njia ya shamba bila kujua jina lake.

Na kulikuwa na yule ndege. Shingo ndefu, tumbo kama mtungi, macho ya mtu aliyesahaulika kwenye mgao. Ukiwamwagia viumbe wako chakula, yeye alifika kwanza. Akimaliza chake alimeza cha wenzake. Chakula kikiisha alimeza jiwe, au samaki mwenye miiba, mradi kitu kipite kooni, na kama hakikupita alibaki ametumbua macho nacho shingoni. Nguvu yake ilikuwa hapo hapo. Adui akimpiga, kile alichokimeza kilimtoka kwa kishindo, kikampata adui usoni. Watoto waliomzunguka Domisiana walianguka kwa kicheko kila mara, kama vile ndiyo mara ya kwanza kuona.

Aliyempa jina ni Shibuda, muuza dagaa kutoka upande wa ziwa huko Biharamulo, ambaye alikuja sokoni kambini na magunia yake. Siku moja aliinama juu ya bega la Domisiana.

"Huyo ni mnandi," alisema. "Kwetu wamejaa. Anameza samaki mzima mzima, halafu anakaa juu ya jiwe amefungua mbawa anakauka, utadhani amefanya kazi."

"Huyu hata mawe anameza," Domisiana alimwambia.

"Basi huyo ni mnandi wa kambi. Wa kwetu bado hajafikia shida hiyo."

Watu walicheka. Shibuda alimfungia Domisiana dagaa kiganja kimoja kwenye karatasi, akasema ni za ndege. Kaneza, aliyekuwa amekaa karibu na vikapu vyake, alilitia hilo moyoni.

Mwaka ule mgao wa mahindi ulikuwa umepunguzwa, na nyumba nyingi zilikuwa zinapika mara moja tu kwa siku. Jioni, kabla jua halijazama, Domisiana alikaa mlangoni pa nyumba yao ya turubai na udongo akimlisha ndege wake. Betri zake zilikuwa zimeshinda juani juu ya turubai, pembeni ya mihogo, zipate nguvu kidogo.

"Huyo mgao wake haujapunguzwa?" Kaneza aliuliza.

"Hana kadi ya mgao, Bibi."

"Muulize siri yake. Mimi nina kadi na sishibi."

Walikuwa wawili tu. Mama yake Domisiana alizaa njiani mwaka wa vita, akafia hapo hapo Lukole mtoto akiwa hajaanza kukaa. Baba hakuvuka. Ng'ambo ya mpaka alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa ukoo, Anastazi, mdogo wa marehemu mume wa Kaneza. Usiku ule wa kukimbia, mama yake Domisiana, mimba yake kubwa, aligonga mlango wa Anastazi, na Anastazi akajibu kutoka ndani kwamba mlango umeharibika. Mlango haukuwa umeharibika. Baadaye alichukua shamba lao na migomba yao. Kaneza alimsamehe kanisani, kwa sauti, mbele ya padri, lakini jina lake hakulitamka nyumbani, na Domisiana alilijua kwa kulisikia kwa majirani.

Kisha habari za kurudi zikaanza. Kwanza zilisemwa kwa upole, kwamba anayetaka arudi. Halafu zikaanza kusemwa kwa kipaza sauti. Mtaa kwa mtaa, malori yatakuja, kambi itafungwa. Jirani mmoja aliyetangulia kwenda kuangalia hali alirudi na salamu za Anastazi. Alisema Bibi aje na huyo binti, asiogope, pahala pa kumweka ameshapaona. Kuna mtu ana baa huko Muyinga, anatafuta msichana wa kumsaidia, na ameshazungumza naye vizuri.

Domisiana alikuwa na miaka kumi na miwili.

Kaneza alimshukuru aliyeleta salamu, akampa maji ya kunywa. Alipoondoka, akakaa na kikapu alichokuwa anasuka mapajani, asisuke. Kifua chake kilikuwa kimeanza kubana tangu kiangazi, na alijua kwamba hata akimtetea mjukuu wake mwaka huu, huenda mwaka ujao hatakuwapo wa kumtetea. Kilichobaki ni kutafuta nyumba. Nyumba ya watu, upande huu, ambayo ingemwita Domisiana mtoto wao.

Nyumba aliyoijua ilikuwa moja. Njiani kuelekea Kasulo, karibu na mwisho wa eneo ambalo wakimbizi waliruhusiwa kutembea, palikuwa na duka la Suleman. Watu wake walikuwa wa asili ya pwani, wafanyabiashara, na mkewe Mwanaheri aliuziwa vikapu na Kaneza miaka mingi. Wala hakumwacha Kaneza asimame nje kama wauzaji wengine. Alimwingiza uani, akamtandikia mkeka, akampa chai ya tangawizi kwenye kikombe kile kile walichonywea wageni wake. Domisiana alipopata malaria kali, Mwanaheri alimpakia kwenye baiskeli ya mumewe akaisukuma kwa miguu mpaka hospitali, khanga yake ikichafuka kwa matapishi ya mtoto asiyekuwa wake. Mambo kama hayo Kaneza hakuyasahau. Alikuwa nayo moyoni yote, kila moja na siku yake.

Mwanaheri alikuwa na mtoto wa kiume, Muksini, wa umri wa Domisiana, naye alikuwa na kisanduku kama kile, kipya zaidi, alicholetewa na mjomba. Alikuwa na waya wa kuunganisha visanduku viwili, viumbe wapite kutoka kimoja kwenda kingine. Alikuwa na karibu kila kiumbe, isipokuwa mnandi. Kwenye mchezo wake ndege yule hakutokea, hata ukizunguka pori lote.

"Nakupa wawili," alikuwa akimwambia Domisiana kila wakionana. "Wawili kwa mlafi mmoja. Nani mwingine atakupa hivyo?"

"Simbadilishi."

"Atakumalizia betri bure."

"Si betri zangu?"

Siku iliyofuata ile salamu ya Muyinga, Kaneza alimtazama mjukuu wake akimlisha Mnandi, akauliza, "Hivi huyu ndege wako anazaa?"

"Anataga. Ukimweka na mwenzake kwa mzee mmoja humo ndani anayelea viumbe, unakuta yai."

"Linaanguliwa?"

"Ukitembea nalo sana, ndiyo."

"Basi ni ng'ombe," Kaneza alisema.

Domisiana akacheka. Bibi yake hakucheka.

Kwao, mtu hakupewa ng'ombe kama anavyopewa sahani ya maharage. Waliita kugabiwa. Ukigabiwa ng'ombe umefungamana na aliyekugabia. Ng'ombe akizaa, ndama mmoja atarudi kwake, na hata huyo ndama akirudi, hamjamalizana. Ukisikia nyumba yake ina shida, huulizi shida gani, unaamka. Baba yake Kaneza aligabiwa ng'ombe mmoja mwekundu na mtu wa kilima cha pili. Mtu yule alipofariki, hakuna aliyeitisha kikao cha watoto wake waende wapi. Walikuja kwa baba yake Kaneza na mikeka yao kichwani, wakakuta chungu kiko motoni, na Kaneza alikula nao mpaka alipoolewa.

Alimweleza Domisiana yote hayo taratibu, na sababu yake pia, mpaka ile ya baa, kwa kuwa hakuona vizuri kumficha mtoto jambo linalomhusu mwenyewe.

"Muksini anataka tubadilishane," Domisiana alisema. "Si tubadilishane tu? Atanipa wawili."

"Mkibadilishana mmemalizana. Kila mtu anakwenda na chake. Mimi sitaki mmalizane."

Domisiana alikizungusha kisanduku mikononi. "Na nisipotaka?"

"Usipotaka hatumpi. Ni wako. Nitatafuta njia nyingine."

"Ipo?"

Kaneza hakumdanganya. Alitikisa kichwa.

"Mama Muksini alinisukuma mpaka hospitali," Domisiana alisema baadaye, kama mtu anayejishawishi. "Njia nzima alikuwa ananiambia niendelee kuongea nisilale. Aliniuliza majina ya viumbe wote."

"Nakumbuka."

"Haya, Bibi."

Siku ya kwenda, Domisiana alimlisha Mnandi chakula chote kilichokuwa kwenye mfuko wa mchezo. Matunda, samaki, mikate ile ya duara aliyokuwa akiiweka kwa vita vikubwa. Bibi yake alimuuliza mbona anamaliza akiba.

"Asifike na njaa," Domisiana alisema. "Wasije wakamwona mlafi siku ya kwanza."

Kaneza alivaa kitenge chake cha kanisani. Mwanaheri aliwapokea uani.

"Shikamoo, Bibi. Leo umependeza, kuna harusi?"

"Marahaba, mwanangu. Kuna jambo kama harusi."

Hakukaa kwanza. Alisimama mbele ya mkeka, akasema "Amashyo," ambayo kwao ni kumtakia mtu makundi ya ng'ombe. Mwanaheri hakujua linajibiwaje. Alijibu, "Amina, Bibi, amina."

"Nimekuja kuwagabia," Kaneza alisema. "Ng'ombe zangu zilibaki ng'ambo na sijui ziko kwa nani. Lakini mjukuu wangu ana mfugo mmoja, ameukuza tangu kinda, unakula vizuri, ni hodari. Leo unahamia kwenu. Ukizaa mtatukumbuka. Sisi tukipatwa na jambo, mtatusikia. Na ninyi mkipatwa, hata kama sina meno, nitakuja."

Hakutaja haja yake. Anayetaja haja yake siku ya kugaba, huyo anauza.

Mwanaheri alikuwa ameweka mkono mdomoni, macho yakitabasamu. "Jamani, Bibi. Maneno mazuri hivi, kwa gemu la watoto? Tumepokea. Muksini, njoo umshukuru Bibi. Mshukuru na Domisiana. Mwenyezi Mungu awape kheri." Aliingia ndani akatoka na sukari kwenye karatasi ya kaki na majani ya chai, akayaweka mbele ya Kaneza kwa mikono miwili.

Kaneza aliitazama ile sukari, moyo ukamtulia. Kwao anayepokea ng'ombe hupeleka pombe kwa aliyempa, na pombe ikishanyweka, jambo limekwisha kukubaliwa. Hawa walikuwa Waislamu, pombe hawana. Aliona wametoa walichonacho.

Watoto waliunganisha waya. Kwenye kioo cha Domisiana, Mnandi aliinuka na tumbo lake zito, akazunguka mara moja, akatokomea juu. Muksini akapiga makofi kwa furaha. Kisha kwenye kioo cha Domisiana kikatua kitu kidogo cha kijani.

"Hicho nini?" Kaneza aliuliza.

"Kiwavi," Domisiana alisema. "Waya haupitishi mmoja tu, Bibi. Lazima kitu kirudi. Amenipa kile asichokitaka."

Kaneza hakulipenda hilo. Alitaka kusema kirudishwe, lakini hakujua mambo ya waya, na mbele ya mwenyeji anayemimina chai isingefaa kuanza ubishi juu ya funza. Alijiambia kwamba kiwavi si kitu. Akanywa chai yake.

Baada ya hapo alilala vizuri. Mwanaheri alipopeleka tambi na maharage kambini siku za Ramadhani, kwa mkono wa mchukuzi wa baiskeli, Kaneza aliyapokea kwa furaha ya mtu anayeona mambo yanakwenda kama yanavyotakiwa. Domisiana hakuwa na hamu ya kisanduku tena. Mara moja moja alikifungua akamtazama yule kiwavi, akakifunga.

Mvua za vuli zilipoanza, kipaza sauti kikataja mtaa wao. Malori yangekuja Jumatatu. Jumamosi asubuhi Kaneza alimchukua Domisiana wakaenda kwa Mwanaheri, na safari hii binti alibeba mkeka wake kichwani. Kaneza ndiye aliyemwambia aubebe.

Mwanaheri aliuona mkeka kabla hajaitikia hodi.

"Karibuni," alisema, akawaingiza uani haraka kuliko siku nyingine, akarudishia mlango.

"Lile jambo limetupata," Kaneza alisema. "Jumatatu wanatupeleka. Mimi nitakwenda, mimi ni mzee, nitazikwa popote. Mtoto nimemleta kwenu."

Mwanaheri alikaa chini, si kwenye mkeka bali kwenye ukingo wa baraza. "Bibi, umemleta kutembea?"

"Kukaa."

"Kukaa mpaka lini?"

"Mwanangu," Kaneza alisema kwa upole, akidhani ni mshtuko tu, "tuliwagabia."

Ilichukua muda mpaka Mwanaheri aelewe linalosemwa, na alipolielewa alianza kulia. "Mimi nilijua ni zawadi ya watoto, Bibi. Wallahi nilijua hivyo. Ungeniambia siku ile kwamba nyuma yake kuna mtoto, ningekuambia siku ile ile."

"Siku ile haisemwi."

"Kwenu haisemwi. Mimi ningejuaje?" Alijifuta macho kwa upande wa mtandio. "Umesikia tangazo. Anayemweka mkimbizi nyumbani anashtakiwa. Na sisi hapa tunaitwa watu wa kuja mpaka leo. Duka likifanya vizuri kidogo tu, Suleman anaulizwa babu yake kazikwa wapi. Nikimweka Domisiana, jirani atakayekwenda kusema simtafuti mbali. Tutaondoka wote, na yeye hatabaki."

Kaneza hakuweza kusema kwamba anasema uongo. Alijua hofu ilivyo, na hii ilikuwa hofu ya kweli. Hata hivyo alijaribu tena, safari hii kwa sauti ndogo. "Basi mfugo wetu. Uko hai? Umezaa? Tupeni hata huyo ndama, mtoto aone kwamba kuna kitu kilikuwa kimefungwa kati yetu."

Mwanaheri alimwita Muksini. Muksini alitoka na kisanduku chake, akamwamkia Bibi, akamtazama Domisiana na mkeka, akatazama chini.

"Mnandi sinaye," alisema. "Binamu yangu Kombo alikuja siku ya Idd na kisanduku chake, kutoka Biharamulo mjini. Alimtaka. Nikampa, akanipa joka."

"Ulimpa," Kaneza alisema.

"Tulibadilishana. Alikuwa anakula sana, Bibi. Anakula mpaka vya wenzake, kila saa unamlisha yeye tu. Na Domisiana nilishampa kiumbe changu siku ile. Yule kiwavi. Si tulibadilishana?"

Alikuwa anauliza kweli, bila kebehi, kama mtoto anayehakikisha hajakosea. Mama yake alimwambia aingie ndani.

Domisiana aliinama, akaviringisha vizuri ule mkeka ambao ulikuwa umeanza kufunguka, akauweka tena kichwani.

"Twende, Bibi."

Mwanaheri aliwafuata mlangoni na unga, chumvi, na khanga mpya iliyokuwa bado na gundi ya dukani. Alimfunga Domisiana khanga ile mabegani kwa mikono yake mwenyewe, akamshika mashavu, akamwambia aendelee kusoma, aendelee kuongea asilale. Domisiana alisema asante. Kaneza alipokea unga. Hakuona haki ya kuukataa, na alijua pia kwamba yule mwanamke angebaki na siku ile maisha yake yote, kama yeye.

Njiani Domisiana alitangulia, akienda kasi kuliko bibi yake alivyoweza. Kwenye kilima kidogo kabla ya Lukole alisimama akamngoja, lakini hakugeuka.

"Nilikuwa najua Mnandi atauzwa," Domisiana alisema, Kaneza alipomfikia.

"Wewe? Ulijuaje?"

"Muksini hapendi kulisha. Anapenda kuwa navyo tu. Nilijua tangu zamani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, Bibi. Ulikuwa unalala." Alinyoosha khanga mpya begani. "Ulimpa ng'ombe mtu asiyefuga."

Hakulisema kwa hasira.

Jumatatu malori yalikuja kweli. Dada mmoja wa ofisi, mpole, aliyesikia Kaneza akikohoa, alimtoa kwenye foleni ya nyuma akamtafutia nafasi mbele, karibu na dereva, pasipo vumbi jingi. Alimshika kiwiko akipanda. Alimpa Domisiana chupa ya maji. Kisha akaegemea mlango wa lori, kwa sababu alikuwa na swali ambalo alimuuliza kila mzee aliyesafiri na mtoto asiye na wazazi.

"Bibi, ng'ambo nani atawapokea? Nani atakuwa na huyu mtoto wewe ukichoka?"

Kaneza alitafuta jina. Alipita kilima baada ya kilima kichwani mwake, nyumba alizocheza, nyumba alizokula, watoto waliokuja kwao na mikeka, na kila aliyemfikia alikuwa amekufa au hajulikani alipo. Dada wa ofisi alingoja. Nyuma yake watu walikuwa wanapandisha masufuria na kuku.

"Kuna ndugu?" aliuliza tena, taratibu.

Kaneza alifumbua mdomo, kifua kikambana, akaanza kukohoa. Domisiana alimpa maji. Alimngoja ameze. Kisha, kwa vile dada yule alikuwa bado amesimama na hakuwa na kosa lolote, binti akamjibu yeye mwenyewe.

"Yupo. Anaitwa Anastazi."

"Ni mtu mzuri?"

"Ndiye aliyepo," Domisiana alisema, akasogea ndani ili mlango ufungwe.